Bi Samahani na Alama za Uongo

Idara yetu ya saikolojia ilikuwa na watu wengi wa kudanganya na mtu mmoja tu wa kuomba radhi. Wadanganyaji walikuwa na vyeo, na milango yao ilibandikwa majina kwa herufi za shaba. Mwomba radhi alikuwa mhadhiri wa kawaida, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliyetufundisha takwimu mwaka wa kwanza saa nane mchana, saa ambayo hata ubao wenyewe huonekana una usingizi. Tulimwita Bi Samahani. Alijua tunamwita hivyo, na hakujali.

Jina hilo lilitokana na kazi yake. Utafiti wa saikolojia mara nyingi hauendi bila kumficha mshiriki jambo fulani. Ukimwambia mtu, "Leo tunapima ukarimu wako," atakuwa mkarimu kuliko alivyowahi kuwa tangu azaliwe. Kwa hiyo unamwambia unapima kumbukumbu yake, kisha unadondosha kalamu karibu na mguu wake uone kama atainama. Jaribio likiisha, kanuni inataka mtu huyo aambiwe ukweli wote kabla hajatoka mlangoni. Hapo ndipo maprofesa wetu walipokumbuka kwamba wana vikao. Kudanganya kuna raha yake, lakini kurudi na kusema "nilikudanganya" kunataka kifua. Wakamsukumia yeye.

Naye aliiweza kazi hiyo. Alikuwa akiingia kwenye chumba cha majaribio, ambacho zamani kilikuwa stoo ya viti vibovu na bado kilinuka vumbi la sponji, anavuta kiti na kukaa upande uleule wa meza aliokaa mshiriki, si ng'ambo kama polisi. Halafu anasema, "Samahani, mwanangu. Tumekudanganya. Nitakueleza tulidanganya wapi na kwa nini, na ukitaka kukasirika, kasirika, nina nafasi." Wengine walicheka. Wengine walimtukana kidogo. Mmoja aliwahi kudai aombwe radhi kwa maandishi, na akaandikiwa.

Nyumbani mambo yalikuwa kinyume. Mumewe, fundi redio aliyefanyia kazi barazani, alikuwa akimngoja avue viatu kisha anamuuliza, "Leo umewaomba radhi wangapi, mama?"

"Wengi."

"Basi nami ungenibakizia moja."

"Zimekwisha. Njoo kesho."

Hakuwa malaika, na siandiki haya ili awekewe sanamu getini. Alichelewa kusahihisha karatasi zetu. Aliwachukia wanaokuja darasani bila kikokotoo kama vile wamekuja bila suruali. Shahada yake ya udaktari aliianza kabla baadhi yetu hatujaota meno, na mtu akimuuliza imefikia wapi, alijibu, "Iko jikoni, inachemka," kwa sauti iliyomfanya muulizaji ajutie mdomo wake.

Mkuu wa idara tulimwita Profesa Sampuli. Kwake kila kiumbe kilikuwa sampuli. Ukikutana naye kwenye korido anakutazama juu hadi chini kama mtu anayechagua nyanya, anakuuliza uko mwaka wa ngapi na una muda lini. Mwaka ule alikuwa na utafiti wake mkubwa, ule ambao angekwenda kuusoma kwenye mkutano wa ng'ambo akiwa amevaa tai mpya. Alitaka kujua hivi: mtu akiambiwa hana uwezo wa kufikiri, ataendelea kuamini hivyo kwa muda gani, na ataanza kukwepa kazi ngumu?

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi kiasi cha kutia aibu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaingia, anapewa mafumbo ya kuchora maumbo bila kuinua kalamu wala kupita mstari mmoja mara mbili. Baadhi ya mafumbo hayo hayana jibu kabisa. Kabla mwanafunzi hajafika, mtafiti anarusha sarafu. Kichwa kikikaa juu, mwanafunzi ataambiwa yumo katika fungu la juu. Upande wa pili, wa mwenge, ukikaa juu, ataambiwa yumo katika fungu la chini kabisa, la wale ambao "kwa kawaida hupata shida kumaliza masomo ya chuo." Alichokichora hakisomwi na mtu. Kinatupwa kwenye pipa la taka, chini ya maganda ya ndizi ya Profesa.

Hadi hapo Bi Samahani alikuwa amezoea. Kilichomkaba kooni ni sharti jipya. Profesa alitaka washiriki waondoke bila kuambiwa ukweli, warudi baada ya wiki moja wapimwe tena, ndipo waombwe radhi.

"Wiki nzima mtoto wa watu alale na uongo huo?" Bi Samahani aliuliza kwenye kikao.

"Ni wiki tu, mama. Na kamati ya maadili imepitisha."

"Kamati ya maadili wewe ndiye mwenyekiti wake."

"Ndiyo maana nina uhakika imepitisha."

Watu wakacheka. Bi Samahani naye akacheka, akakubali. Nalisema hili wazi kwa sababu wanaompenda hulificha. Alikubali. Alikuwa amechoka, kikao kilikuwa kimerefuka, na wiki moja ilisikika kama kitu kidogo.

Darasani kwetu palikuwa na binti mmoja tuliyempa jina la Swali. Kila kipindi mkono wake ulikuwa hewani. Kwa nini tunagawanya hapa na siyo pale? Nani alisema asilimia tano ndiyo mpaka? Akitoka darasani alimfuata mwalimu hadi mlango wa choo cha wafanyakazi akiendelea kuuliza. Kuna waliomchukia kwa sababu aliwakosesha kutoka mapema. Bi Samahani alimpenda kimyakimya, yaani alimjibu kwa ukali kuliko wote.

Swali aliingia kwenye chumba cha majaribio siku ambayo mwenge ulikaa juu.

Juma lililofuata mkono wake haukuonekana. Tulimaliza kipindi mapema, na wapumbavu wengine walishangilia. Kipindi kingine hakuja kabisa, na siku yake ya kupimwa mara ya pili kiti kilibaki kitupu. Bi Samahani akamshika dada mmoja wa darasa letu aliyelala na Swali chumba kimoja bwenini.

"Rafiki yako yuko wapi?"

"Amekwenda kwao, Mwalimu. Amefungasha kila kitu, hata pazia letu. Amesema bora aache chuo mapema kuliko kuwachosha watu. Ijumaa anakwenda kusaini kwa msajili."

"Aache kwa sababu gani?"

"Amesema kipimo kimeonyesha hana akili ya chuo. Nilimwambia hata mimi sina na bado nipo. Hakucheka."

Ilikuwa Jumatano. Bi Samahani hakurudi ofisini kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Profesa Sampuli, akamkuta anamenya ndizi.

"Profesa, nakwenda kumwambia yule binti ukweli. Leo hii."

"Haiwezekani. Hajapimwa mara ya pili. Utaharibu data."

"Ataacha chuo."

Profesa aliiweka ndizi chini. Macho yake yaling'aa, na hilo Bi Samahani hakumsamehe kamwe. "Kuacha chuo kabisa? Hayo ni matokeo makubwa sana, mama! Hatukutegemea athari ya ukubwa huo."

Juu ya kichwa chake, ndani ya fremu, palikuwa na wito wa chuo chetu: Ukweli Kwanza. Labda walisahau kuandika kwanza baada ya nini.

Bi Samahani alitoka bila kufunga mlango.

Kwao Swali palikuwa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na sebule yote ilijaa sare za shule zilizokatwa ila hazijashonwa, mikono huku, kola kule. Mjomba wake, dereva wa lori aliyekuwa mapumzikoni, alikuwa amejilaza kwenye kochi miguu ikining'inia nje. Huyo mjomba ndiye aliyetusimulia baadaye mambo ya siku ile, na Swali alimsahihisha palipomzidi utamu.

"Karibu, Mwalimu," mama alisema, akiondoa rundo la kaptula kwenye kiti. "Binti yangu ameniambia yote. Tunashukuru mmemwambia mapema. Wengine wangemwacha tu apoteze miaka."

Bi Samahani akakaa, akavuta kiti hadi ubavuni mwa Swali, akasema maneno yake. Samahani, mwanangu. Tumekudanganya. Alieleza sarafu, alieleza mafumbo yasiyo na jibu, alieleza pipa la taka na maganda ya ndizi. Alieleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza maishani.

Swali alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akatikisa kichwa taratibu.

"Mwalimu, nashukuru. Lakini wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba mtafiti anaweza kumdanganya mtu ili asimuumize. Ulisema ni lazima mshiriki atoke akiwa katika hali nzuri kama aliyoingia nayo. Sasa mimi niko katika hali mbaya, nawe umekuja kunirudisha. Unafanya kazi yako. Uongo wenu ni huu wa leo."

"Huu wa leo ndio ukweli!"

"Na wa siku ile ulisemwaje? Si ulisemwa kuwa ni ukweli vilevile?"

Mjomba akaketi. "Hapo amekubana, Mwalimu."

"Wewe nyamaza, kaka," mama akasema.

"Ninyamaze nini? Mtu akikuuzia gari bovu, halafu akarudi akakuambia gari lile lilikuwa zima, alikuwa anakutania tu, utalipanda?"

"Mimi sikumuuzia gari!" Bi Samahani akapaza sauti.

"Mmemuuzia kichwa," mjomba akajibu. "Ambacho tayari alikuwa nacho."

Miaka yote aliyokaa kwenye stoo ile ya viti, Bi Samahani aliamini kwamba ukisema samahani vizuri, kwa sauti nzuri, kwenye kiti cha upande unaofaa, uongo unafutika kama chaki. Sasa binti wa mwaka wa kwanza, aliyeambiwa hana akili, alikuwa akimthibitishia kwa hoja safi isiyo na tundu kwamba haufutiki. Na akili ileile ndiyo iliyokuwa ikitumika kujithibitishia kwamba haipo. Alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Akaamua kukasirika.

"Kesho asubuhi unakuja idarani," alisema akisimama. "Usiniamini. Nani kakuambia uniamini? Njoo uone kwa macho yako. Ukitoka hapo ukitaka kuacha chuo, nitakusindikiza mwenyewe kwa msajili."

"Nenda, mwanangu," mama akasema. "Kutazama si dhambi."

Kesho yake palikuwa na mshiriki aliyepangwa tangu zamani, kijana wa darasa letu tuliyemwita Bwana Waziri. Alivaa koti hata kwenye joto na kusema "kwa mtazamo wangu" kabla ya kuomba chumvi. Bi Samahani alimficha Swali kwenye kijichumba cha nyuma, chenye kioo ambacho upande mmoja unaona na upande wa pili unajiona. Kabla hajaufunga mlango, akamwekea sarafu kiganjani.

"Rusha."

"Mimi?"

"Wewe. Ndivyo tulivyokufanyia."

Swali akarusha. Ukakaa mwenge. Akaitazama sarafu sakafuni, kisha akamtazama mwalimu wake. "Kwa hiyo atafeli."

"Amekwisha kufeli. Yuko nje anatengeneza kola."

Lililofanyika hapo si sawa, na nimewahi kumwambia Bi Samahani hivyo usoni. Alikuwa anamuumiza mtoto mmoja ili amponye mwingine, kwa uongo uleule aliokuwa anapigania ufe. Alinijibu kwamba kijana yule angeombwa radhi dakika ileile, Profesa apende asipende. Labda. Lakini hakumuuliza Bwana Waziri kama yuko tayari kuwa dawa ya mtu.

Bwana Waziri akaingia, akachora. Fumbo la kwanza alilimaliza kwa mbwembwe. La pili lilikuwa mojawapo ya yale yasiyo na jibu. Akajaribu, akafuta, akajaribu. Akavua koti. Msaidizi wa utafiti akakusanya karatasi, akatoka nje, akasimama kwenye korido kwa muda wa kudanganyia, akarudi na kumsomea kwa upole kwamba yumo katika fungu la chini kabisa.

Swali aliyaona yote kupitia kioo. Aliona mabega yakishuka. Alimsikia akisema kwamba usiku hakulala vizuri, kwamba kalamu ilikuwa nzito, na kisha, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "Kusema kweli, nilikuwa najua. Nyumbani walishaniambia." Neno kwa neno, Swali alisema, ndiyo maneno yaliyomtoka yeye mwenyewe kwenye kiti kile. Na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Bi Samahani alikuwa ameshika kitasa aingie kwenye chumba cha majaribio kuomba radhi. Swali akampita kama upepo.

"Anakudanganya! Hukufeli! Nimerusha sarafu mimi!"

Bwana Waziri alimtazama kama mtu aliyetokea ukutani. "Wewe si umeacha chuo?"

"Ndiyo. Hapana. Sikiliza, karatasi yako hakuna aliyeisoma."

"Unasema hivyo kwa kuwa na wewe ulifeli. Mnataka tufarijiane."

"Kufarijiana nini, mjinga wewe! Tazama hili fumbo. Kona zenye njia tatu ziko ngapi? Hesabu! Ukiingia kwenye kona kama hiyo na kutoka, njia moja inabaki haina mwenzake. Kona mbili za namna hiyo ungeweza kuzivumilia, anzia moja umalizie nyingine. Hapa zimezidi. Halichoreki! Wala wewe wala Profesa wala mama yake Profesa!"

"Labda ninyi wenye akili ndogo ndio hamuoni njia."

"Basi nionyeshe wewe mwenye akili kubwa!"

"Mimi? Mimi nimefeli!"

Swali alimkalia kooni kwa muda mrefu sana. Alichora, alihesabu, alipiga meza. Kila aliposema jambo, kijana alilipindua likawa ushahidi kwamba anahurumiwa. Msaidizi wa utafiti akasogea ukutani asipigwe na kalamu. Bi Samahani alibaki mlangoni kimya, labda kwa mara ya kwanza katika chumba kile, kwa sababu alikuwa ameona kitu. Binti alikuwa anambishia Bwana Waziri, lakini kila hoja ilipita kwanza kwake mwenyewe. Alipofika mahali pa kusema, "Huwezi kufeli mtihani ambao haujasahihishwa!" akaiweka kalamu chini. Akakaa. Akarudia polepole, bila kumwambia mtu.

Bwana Waziri akavaa koti lake. "Kwa mtazamo wangu," akasema, "mnahitaji kushtakiwa." Tuliposimuliwa hilo, tukajua amepona.

Alishtaki kweli, na Swali akasaini chini yake. Profesa Sampuli alipiga kelele korido nzima ikasikia: data zimeharibika, mkutano umekwenda na maji, mhadhiri wake amefanya hujuma. Alimtaka Bi Samahani aombe radhi mbele ya idara. Bi Samahani akasimama, akasema angeomba radhi kwa kila mshiriki aliyeondoka na uongo, awatafute majumbani mmoja mmoja, ila kwa data hana cha kuziambia. Wakampokonya chumba cha majaribio. Utafiti ukasimamishwa na watu wa juu, kwa sababu walioogopa kushtakiwa walikuwa wengi kuliko walioogopa kuumiza. Tai mpya ikabaki kabatini.

Aliwatafuta. Jumamosi zake ziliishia huko, bwenini na mitaani, mumewe akimsindikiza na kulalamika kwamba sasa radhi zinagawiwa hadi kwa wageni. Wapo waliomwamini. Wapo ambao hadi leo hawamwamini, na mmoja alikuwa ameshahama chuo, hakuonekana. Huyo ndiye Bi Samahani anayemtaja kila mara, katikati ya mazungumzo ya mambo mengine.

Swali hakwenda kwa msajili. Alirudi na pazia lake. Mkono ukarudi hewani, tukarudi kuchelewa kutoka.

Mwisho wa muhula Bi Samahani aliturudishia mtihani wa takwimu, kwa kuchelewa kama kawaida. Swali alikuwa amepata alama mbaya, mbaya kweli, kwa kuwa alikosa masomo ya wiki zile. Hata Bwana Waziri aliacha kupekua karatasi yake. Swali aliinuka, akaenda hadi meza ya mbele.

"Mwalimu, hizi ni za kweli?"

"Za kweli. Nimezisahihisha mara mbili, nikitafuta pa kukuongezea. Hapakuwepo."

Swali akavuta kiti, akakizungusha hadi upande wa mwalimu, akakaa.

"Haya," akasema. "Nionyeshe la kwanza nililokosea."